Kariakoo: Kiwanja cha Vyumba Sita

Jumapili iliyopita nilialikwa kwenye kikao cha ukoo mmoja hapa Dar es Salaam, Kariakoo, hatua chache kutoka Mtaa wa Sikukuu. Nyumba yenyewe ni ya zamani: bati lenye kutu, ukumbi katikati, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, na nyuma ua wenye jiko, choo na bomba. Upande mmoja pana jengo la ghorofa nane, upande wa pili la ghorofa sita, na ua ule hupata jua saa za adhuhuri tu.

Ajenda ilikuwa moja. Ametokea mjenzi, kapitia kwa dalali, anasema wampe kiwanja ajenge ghorofa nane. Wao watapata fremu mbili za duka chini na nyumba mbili juu. Zilizobaki atazipangisha yeye kwa miaka kadhaa ili arudishe fedha zake, kisha awaachie jengo zima. Vijana wakasema hii ni neema. Shangazi mkubwa akasema nyumba ya mama yake haivunjwi akiwa hai. Mjomba, aliyekuja kama shahidi tu, akauliza ni miaka mingapi hiyo "kadhaa". Hakujibiwa. Kikao kilianza saa nne asubuhi, na hadi adhuhuri walikuwa bado wanabishana.

Mabishano haya si ya ukoo huo peke yake. Kwa zaidi ya miaka 30 sasa, Kariakoo nzima inabishana hivyo, nyumba kwa nyumba. Wengine wanalia kwamba magorofa yameleta msongamano, wengine wanajibu kwamba mji hauwezi kubaki kijiji katikati ya biashara zote hizi. Ninavyoona mimi, pande zote mbili zinahesabu ghorofa na kusahau kuhesabu jambo jingine: nani ana haki gani juu ya kile kiwanja. Ndiyo maana leo naomba turudi nyuma kidogo.

Wajerumani walipoufanya mji huu makao yao makuu mwaka 1891, walitunga pia kanuni za ujenzi zilizogawa mji kwa aina ya nyumba. Pwani, karibu na bandari, nyumba za mawe za namna ya Ulaya. Nyuma yake, nyumba za biashara. Mwisho kabisa, vibanda vya udongo na makuti. Eneo tunaloliita Kariakoo lilikuwa sehemu ya shamba la kampuni ya Kijerumani ya Schoeller, na waliojenga humo walilipa kodi ya ardhi kwa mwenye shamba. Muda mfupi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza serikali ya kikoloni iliinunua ardhi hiyo, ikapima mitaa iliyonyooka ili Waafrika wakae hapo, mbali na Wazungu, na ikaanza kujenga jengo la soko.

Vita vikaja kabla soko halijaanza kazi. Waingereza waliingia Dar es Salaam Septemba 1916, na eneo lile likawa kambi ya wapagazi wao wa kijeshi, wale waliobeba risasi na vyakula kichwani hadi porini. Kikosi hicho kiliitwa kwa Kiingereza "Carrier Corps", na ndimi zetu zikakifanya Kariakoo. Nairobi nako iko Kariokor, jina lilelile na msiba uleule, maana maelfu kwa maelfu ya wapagazi hao hawakurudi makwao. Mtaa wa fremu na mabelo ya vitenge umepewa jina la watu waliokufa kwa njaa, kuhara na uchovu. Ni mara ngapi tunalikumbuka hilo tunapobishana bei za viatu?

Baada ya vita Waingereza waliendeleza mpango ule kwa majina mengine. Mwaka 1924 mji uligawanywa kanda tatu, na wananchi wakazipa majina yao: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Kariakoo ilikuwa kanda ya tatu. Kati ya Uhindini na Kariakoo pakaachwa uwanja mtupu, Mnazi Mmoja, ambao leo tunaufurahia kwa upepo wake, lakini uliachwa wazi ili kutenganisha watu. Katika kanda ya tatu nyumba zilikuwa za miti na udongo, za muda, na mwenye kiwanja hakupewa hati ndefu. Alikaa kwa kodi ya mwaka hadi mwaka. Naomba msikilizaji uishike nukta hiyo, maana tutairudia.

Juu ya ardhi hiyo ya kuazima, wazee wetu walijenga nyumba ya vyumba sita, na kwa maoni yangu hakuna mhandisi aliyewahi kuvumbua kitu cha busara zaidi kwa mji huu. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja au viwili, vilivyobaki akapangisha. Kodi ya wapangaji ndiyo ilikuwa pensheni yake. Mwingereza mmoja, J.A.K. Leslie, aliyefanya uchunguzi wa maisha ya mji huu mwaka 1957, aliieleza nyumba hiyo kwa makini: baraza mbele, ukumbi katikati, uani nyuma. Wanaosema Kariakoo imeanza kusongamana juzi hawajakaa nyumba hiyo. Tuseme kila chumba kina familia ya watu wanne: hao ni watu 24 juu ya kiwanja kimoja, choo kimoja, bomba moja. Watu walikuwa wengi tangu hapo.

Ila wingi ule ulikuwa na utaratibu wake. Mwenye nyumba aliamka na wapangaji wake na kunywa maji yaleyale. Choo kikijaa, kimemjalia na yeye. Akifiwa mpangaji, matanga yanakaa hapohapo barazani. Simaanishi kwamba palikuwa peponi. Wenye nyumba wengine walikuwa wakali kuliko polisi, na ugomvi wa zamu ya kufagia uani umevunja ndoa nyingi. Lakini aliyekula faida na aliyepata taabu walikuwa chini ya bati moja.

Na ni katika mitaa hiyo ya nyumba za chini ndimo siasa yetu ilimozaliwa. Chama cha TANU kiliundwa tarehe 7 Julai 1954 katika jengo lililokuwa ofisi ya TAA, mtaa ambao sasa unaitwa Lumumba. Hata mpira umejifunga hapo: Simba wanaitwa Wekundu wa Msimbazi kwa sababu ya barabara, na watani wao wa Jangwani wako jirani tu. (Nisiendelee, nitagombanisha watu.)

Uhuru ulipokuja, serikali ilitaka kuondoa nyumba za makuti. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962, na mahali kama Magomeni vibanda vya zamani vilivunjwa kujengwa nyumba za matofali. Mwaka 1963 milki za ardhi za kudumu zilifutwa, ardhi yote ikawa ya umma, na mwananchi akabaki na haki ya kuitumia. Halafu, mwaka 1971, ikapitishwa sheria ya kutaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Nyumba ya udongo ya vyumba sita haikuguswa na sheria ile. Lakini ni nani, baada ya kuona majengo ya Uhindini yakichukuliwa, angetamani kupandisha ghorofa Kariakoo? Nadhani hofu hiyo ilichangia kuifanya Kariakoo ibaki chini kwa miaka kumi na mingine mitano.

Jengo kubwa lililoinuka wakati huo lilikuwa la umma: soko jipya lililochorwa na Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo wa mwanzo wa Kiafrika katika nchi yetu. Mwalimu Nyerere alilifungua Desemba 1975. Paa lake la zege ni kama miavuli iliyopinduliwa, ikinga maji ya mvua yashuke kwenye tangi. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 moto uliliunguza, na wafanyabiashara wengi walipoteza mitaji yao.

Mwaka 1984 milango ya biashara ilianza kufunguliwa, na baada ya makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, wakati wa Mzee Ruksa, bidhaa zikamiminika. Kariakoo ikageuka duka la Tanzania nzima, na la Kongo, Zambia, Malawi na Komoro juu yake. Chumba cha mbele, kilichokuwa cha mpangaji mshona nguo, kikatobolewa mlango barabarani kikawa fremu. Mwenye fremu akadai kilemba, na kilemba hicho kikazidi kodi ya vyumba vyote sita kwa miaka.

Hapo ndipo wajenzi walipobisha hodi. Na hapa ndipo ile nukta ya hati inaporudi. Kwa sheria ya wakati huo ardhi tupu haikuwa na bei. Kilichouzwa rasmi ni maendelezo, yaani nyumba. Basi watu wakauziana ukuta wa udongo uliopasuka kwa mamilioni, na kila mtu akijua kinachouzwa ni nini, isipokuwa karatasi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika mwaka 2001, ndiyo iliyotambua kwamba haki ya kutumia ardhi ina thamani, na marekebisho ya mwaka 2004 yakalegeza uuzaji. Ama kumiliki sehemu ya jengo, kwa mfano nyumba moja ghorofa ya tano, hilo lilipata sheria yake mwaka 2008. Maana yake ni kwamba familia zilizokubaliana na wajenzi katika miaka ya 1990 ziliahidiwa ghorofa ya tano wakati ambapo hapakuwa na hati ya ghorofa ya tano. Zilikuwa na mkataba tu, mara nyingi wa kurasa mbili, na shahidi ambaye leo ni marehemu.

Nimeona matokeo ya aina zote. Nawajua warithi wanaoishi vizuri juu ya duka lao, wamesomesha watoto, wanamwombea dua mjenzi wao. Nawajua pia wengine walioambiwa mwaka baada ya mwaka kwamba gharama bado hazijarudi. Na wapo waliouza moja kwa moja, wakagawana mirathi kwa mafungu kumi na moja, na fungu la kila mmoja likatosha kununua kiwanja Mbagala au Gongo la Mboto, nusu ya nyumba, na bodaboda. Sensa ya 2022 ilikuta mkoa wetu una watu 5,383,728. Sehemu kubwa wamekwenda pembezoni, na alfajiri wanarudi Kariakoo kwa daladala na mwendokasi kufanya kazi pale walipokuwa wakilala babu zao. Juu ya vile viwanja, ghorofa kwa ghorofa ni stoo za mizigo. Mabelo ya mitumba yanalala mjini, watu wanalala Mbagala.

Na iko habari ya usalama, ambayo haina utani. Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, si mbali na hapo, lilianguka na kuua watu 36. Ilibainika lilikuwa na ghorofa zaidi ya zilizoruhusiwa. Tarehe 16 Novemba 2024 ikawa zamu ya Kariakoo yenyewe. Jengo la ghorofa liliporomoka asubuhi watu wakiwa madukani, na zaidi ya watu 20 walikufa. Ilielezwa kwamba chini yake palikuwa panachimbwa ili kuongeza nafasi ya biashara. Serikali iliunda timu ya kukagua majengo ya eneo lote. Tazameni basi: hata kiwanja kilichokwisha kupanda juu, bado mtu aliona akitafute tena kwa chini. Wala aliyekuwa akichimbisha hakulazimika kulala ndani ya jengo hilo, kama mwenye nyumba wa zamani alivyolala na wapangaji wake.

Ndiyo maana mimi siwaungi mkono wanaotaka ghorofa zipigwe marufuku, wala wanaozishangilia kwa kuzitazama kutoka nje. Ghorofa nane zenye nguzo za kweli, choo kinachotoa maji taka mahali panapostahili, na warithi wenye hati mkononi, ni jambo jema kwa mji huu. Lakini ghorofa nane juu ya mkataba wa kurasa mbili ni kumrudisha mwananchi pale Waingereza walipomwacha, kwenye ardhi ya kuazima, mwaka hadi mwaka, ingawa safari hii anayemwazima ni Mtanzania mwenzake.

Turudi kwenye kikao. Ilipokaribia sala ya adhuhuri alisimama mama mmoja ambaye si wa ukoo. Amepanga chumba cha nyuma tangu binti zake wakiwa wachanga, na vitumbua vyake vimelisha nusu ya mtaa. Akasema, "Shangazi, mnisamehe, sikuitwa. Nimesikia nani anapata juu na nani anapata chini. Mimi mmeniandika wapi?"

Wakatazamana. Yule kijana mwenye karatasi ya dalali akaipekua mbele na nyuma. Shangazi akamwambia mama akae, akamwagizia chai, kisha akamgeukia kijana: dalali arudi Jumapili ijayo na mhandisi, na ramani, na idadi ya miaka iliyoandikwa kwa tarakimu na kwa maneno, na jina la huyu mama liwemo. Mjomba akaomba aongezewe sukari. Jumapili hiyo ni keshokutwa, na nimealikwa tena.