Handaki

Tuseme kijana wa Masalani, kule Ijara, Garissa, anaunda tovuti ya bei za mifugo kwenye kompyuta yake. Aliyemwagiza yuko Nairobi na anataka kuiona kabla haijakamilika. Tovuti iko kwenye anwani 127.0.0.1, ambayo kwa kila kompyuta humaanisha "mimi mwenyewe". Ukiiandika ukiwa Nairobi, utajikuta kwako. Isitoshe, mitandao ya simu mara nyingi huwagawia wateja wengi anwani moja ya umma, hivyo mgeni hana mlango wa kupigia hodi. Ndipo hutumika programu kama ngrok, inayofungua njia kutoka mtandaoni hadi kwenye kompyuta hiyo; njia hiyo naiita handaki.

Neno hili asili yake ni Kiarabu, khandaq. Waislamu wa Garissa wanalijua kupitia Vita vya Khandaq, Madina, mwaka 627: shimo refu lililochimbwa ili adui asiingie. Kiswahili kimelipanua, na leo hata njia ya reli ya kisasa iliyopita chini ya vilima vya Ngong ni handaki. Maana hii ya pili ndiyo ninayoitetea, kwa sharti moja: tuseme "kufungua handaki", si "kuchimba". Sababu ni kwamba kompyuta ya Masalani ndiyo hutangulia kuiita seva ya nje na kushikilia mawasiliano. Wageni hupitia hapo hapo. Mwenyewe hulifunga wakati wowote. Likibaki wazi, yeyote mwenye kiungo ataingia, kwa hiyo aweke nywila kabla ya kukituma Nairobi.