Tawi: istilahi ya inzi wa pili kwenye mshipi

Anayevua trauti kwa inzi bandia hafungi ndoana moja kwa moja kwenye mshipi mzito. Katikati huweka lida, uzi mwembamba usioonekana kirahisi majini. Inzi mmoja hufungwa kwenye ncha ya lida. Mwingine akining'inia juu zaidi, kwenye kipande kifupi kinachochomoza kando, wavuvi wa Uingereza humwita dropa. Uskoti ni kawaida kutumia inzi watatu: wa nchani, wa kati, na wa juu anayecheza usoni mwa maji.

Trauti wa Uskoti walipandikizwa katika mto Gura, Kenya, mwaka 1905, kwa hiyo Kiswahili kina haja ya kweli ya istilahi hii. Tafsiri ya haraka ingekuwa "kidondoshi", lakini inapotosha: inzi huyu hadondoshi kitu. Napendekeza tawi, na sababu yangu imo ndani ya fundo linaloacha kipande hicho cha kando.

Chukua fundo la mpasuaji, linalounganisha nyuzi mbili. Laza mwisho wa lida sambamba na uzi mpya wa chini, vipishane kama shibiri moja. Pinda kitanzi kwa nyuzi zote mbili, kisha pitisha ndani yake mwisho wa lida pamoja na uzi mpya wote, mara tatu. Lowesha kwa mate kabla ya kukaza, maana joto la msuguano huudhoofisha uzi. Zitabaki ncha mbili: moja inaelekea juu, nyingine chini. Kata ya juu. Ya chini iache sentimita 10 hadi 15, umfunge inzi hapo.

Kwa nini ya chini? Kwa sababu ndiyo mwendelezo wa lida yenyewe, kama tawi lilivyo sehemu ya shina. Uzi wa chini ukikatika, samaki wa tawini bado ameshikwa. Ncha ya juu ni mkia wa uzi mpya. Ikivutwa, fundo huweza kufunguka.

Fundo la pipa nalo huacha tawi, na hutoka jembamba zaidi, ila linataka nyuzi zinazokaribiana unene.

Wapo wanaofunga uzi kwenye pindo la ndoana ya kwanza, inzi wa pili afuate nyuma. Hapo hakuna tawi, na tusimwite hivyo; huyo ni inzi mfuasi. Tukitenganisha majina haya mawili, mwanafunzi atajua kwa kusikia tu ni fundo gani afunge na ni ncha ipi asiikate.