Mwaka Uliokwaruzwa Ukutani: Magofu ya Msuka

Juma hili tunawaalika tutafakari pamoja juu ya magofu ya Msuka Mjini, katika Wilaya ya Micheweni, kaskazini mwa kisiwa cha Pemba. Wageni wengi wafikapo mahali pa namna hii huziona kuta zilizobomoka, hupiga picha, kisha huenda zao. Lakini ukuta nao husomwa.

Kuta hizo ni za msikiti wa kale uliojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Ndani ya mihrabu, yaani kile kidaka kinachoelekea Makka, umekwaruzwa mwaka 816 wa Hijria, ulio sawa na mwaka 1413 au 1414 wa kalenda yetu.

Hebu tuupime mwaka huo. Vasco da Gama alifika pwani yetu mwaka 1498, zaidi ya miaka 80 baadaye. Huko Ulaya, Kanisa lilikuwa limegawanyika, na watu 3 walidai upapa kwa wakati mmoja. Mtaguso wa Konstanz, ulioumaliza mfarakano huo, ulifunguliwa Novemba 1414. Wakati huo watu wa Msuka walikuwa tayari na nyumba ya sala ya mawe. Basi wale wasemao kwamba historia ya pwani ilianza na merikebu za Wareno hujibiwa na ukuta mmoja.

Wala Msuka haikuwa peke yake. Pemba ina magofu ya Chwaka karibu na Tumbe, ya Ras Mkumbuu magharibi ya Chake Chake, na ngome ya Pujini, ambayo wenyeji huihusisha na mtawala Mkama Ndume.

Hata hivyo, alama iliyokwaruzwa ni kitu dhaifu. Mvua huila, mizizi huupasua ukuta, na mgeni mmoja akiandika jina lake juu yake aweza kuifuta kabisa. Ikifutika, hakuna wa kuiandika upya, kwa kuwa aliyeiandika hayupo.

Kwa hiyo, tukienda kuzuru, tuwaombe wenyeji ruhusa kwanza. Tusipande juu ya kuta wala kuokota mawe. Tukumbuke pia kwamba hapo palikuwa mahali pa ibada pa jirani zetu. Tupaingie kwa heshima ileile tunayotaka wengine waipe nyumba yetu ya sala.