Lori la dizeli likivuta tela: joto la ekzosi hupandishwa na nini?

Lori lenye tela likipanda mlima kama Kitonga, ekzosi hupata joto kali. Geji ya maji haipimi joto hilo: inaweza kutulia huku pistoni na turbo vikiungua.

Dalili yake ni moshi mweusi na nguvu kupungua. Maana yake dizeli ni nyingi, hewa ni kidogo. Basi tuanzie kwenye hewa: chujio lililojaa vumbi, mpira wa turbo uliopasuka, au rejeta ya kupoza hewa iliyoziba. Kisha tukague nozeli zinazovuja na ekzosi iliyoziba.

Ukiwa mlimani, rudisha gia, punguza mafuta. Ukisimama, usizime injini papo hapo. Iache ingurume dakika 3 hadi 5, turbo ipoe.