Bibi Monica Wilson na Neno "Ukwangala"

Ukivuka Mto Songwe pale Kasumulu wawakuta Wangonde; upande huu wakaa Wanyakyusa, jamaa zao kwa lugha. Kwao alihamia Bibi Monica Wilson, mzaliwa wa Lovedale, Afrika Kusini (1908), akafanya uchunguzi pamoja na mumewe Godfrey hata mwaka 1938. Godfrey alifariki mwaka 1944. Mjane akaendelea kuandika, huku akifundisha Fort Hare, kisha Rhodes. Na tangu 1952 hata 1973 alikuwa profesa Cape Town.

Kitabu chake Good Company (1951) chasimama juu ya neno moja: ukwangala. U- ya mwanzo ni irabu tangulizi tu. Uzito umo katika -angala, yaani kukaa na hirimu zako kijijini mwa rika moja, kula na kuongea pamoja. "Mazungumzo" yetu hayafiki hapo, "baraza" lakaribia. Jina la Kiingereza nalo, kwa maoni yangu, laonyesha raha na kuficha wajibu.

Mwanafunzi wake Archie Mafeje, aliyeandika naye Langa (1963), aliteuliwa mhadhiri Cape Town mwaka 1968; serikali ikashinikiza, chuo kikautengua uteuzi kwa sababu ya weusi wake. Mwaka uliofuata Dar es Salaam ilimpokea, akaongoza idara ya sosholojia.