Intamba mu Rugamba na Wafungaji Wake: Historia Fupi

Machi 23, 2019, katika Uwanja wa Prince Louis Rwagasore mjini Bujumbura, Cédric Amissi aliifungia Burundi dhidi ya Gabon mechi ikielekea ukingoni. Gabon ikasawazisha baada ya dakika chache, lakini haikupata bao la pili, na sare ya 1–1 ndiyo iliyokuwa ikitakiwa. Gabon ya Pierre-Emerick Aubameyang ikabaki nje. Burundi, ambayo haikuwa imewahi kucheza fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON), ikakata tiketi ya kwenda Misri.

Timu hiyo Warundi wanaiita Intamba mu Rugamba, yaani mbayuwayu vitani. Historia yake ingeweza kusimuliwa kwa kufuata makocha au viongozi wa shirikisho. Hapa tunaifuata kupitia washambuliaji, kisha tunawapanga watano kwa ubora. Kwa nini washambuliaji? Kwa sababu Bujumbura haijawahi kukosa watu wa kufunga. Iliyohangaika ni timu ya taifa, kuwapata na kuwaweka pamoja.

Mwanzo

Shirikisho la soka la Burundi lilianzishwa mwaka 1948, enzi za Wabelgiji, nchi ikiwa bado sehemu ya Ruanda-Urundi. Uhuru ulikuja Julai 1, 1962, na miaka kumi baadaye, mwaka 1972, Burundi ikajiunga na FIFA na shirikisho la soka la Afrika (CAF). Mwaka huohuo ndio wa ikiza, mauaji yaliyoacha familia nyingi bila baba na kuwakimbizia maelfu Tanzania na kwingineko. Kwa hiyo timu ya taifa iliingia katika soka la Afrika wakati nchi yenyewe inazika watu wake.

Mpira haukufa. Bujumbura ilikuwa na klabu zake, na watu wake walizishabikia kwa moyo: Vital'O yenye jezi za zambarau, Inter Star, Prince Louis, na baadaye Atlético Olympic. Katika kata za Waswahili kama Buyenzi, Kiswahili kilikuwa lugha ya sokoni, ya msikitini na ya uwanjani. Tazama majina ya wafungaji waliotoka katika jiji hili: Shabani, Selemani, Saidi, Abdul Razak, Amissi, Tambwe. Ni majina ya Uswahilini na ya ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na wenye majina hayo walikuwa na ndugu Uvira, Kigoma na Dar es Salaam. Jambo hilo lilikuja kuamua mengi.

Miaka miwili ya karibu-karibu

Mwaka 1992 Vital'O ilifika fainali ya Kombe la Washindi la Afrika. Ilitoka sare ya 1–1 na Africa Sports mjini Bujumbura, kisha ikafungwa 4–0 Abidjan. Kwa klabu ya nchi ndogo, kufika hapo kulikuwa heshima kubwa, na hadi leo Vital'O ndiyo yenye mataji mengi ya ligi kuliko klabu nyingine yoyote nchini.

Mwaka uliofuata ikawa zamu ya timu ya taifa. Burundi na Guinea zilimaliza zikiwa sawa katika kundi la kufuzu AFCON ya 1994, ikabidi ziamuliwe kwa mechi ya mchujo. Guinea ikashinda kwa mikwaju ya penalti. Oktoba 21, 1993, Rais Melchior Ndadaye akauawa, na vita vilivyofuata vikadumu zaidi ya miaka kumi. Kizazi kilichokuwa mkwaju mmoja au miwili tu kutoka AFCON hakikupata nafasi nyingine kama ile. Hata hivyo vijana hawakukata tamaa: mwaka 1995, nchi ikiwa motoni, timu ya chini ya miaka 20 ilicheza fainali za dunia nchini Qatar.

Vita vilichukua wachezaji kwa namna mbili. Wapo waliokimbia na wazazi wao, na wapo ambao vipaji vyao vilikua mbali na nyumbani, wakavaa jezi za wengine. Shabani Nonda ni wa kundi la pili. Alizaliwa Bujumbura mwaka 1977, akaanzia hapo, akapita Yanga ya Dar es Salaam na Afrika Kusini kabla ya kufika Uswisi na Ufaransa. Msimu wa 2002–03 alikuwa mfungaji bora wa Ligi Kuu ya Ufaransa akiwa na mabao 26 kwa Monaco. Mwaka 2004, akitoka katika jeraha kubwa, aliingia kutoka benchi akaifunga Chelsea katika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa, na Monaco ikaenda fainali. Timu yake ya taifa ilikuwa ya Kongo.

Wa namna hiyo pia ni Mohamed Tchité, aliyezaliwa Bujumbura mwaka 1984, akachezea Rwanda, akawa bingwa wa Ubelgiji na Anderlecht mwaka 2007, na mwaka huohuo akatwaa Kiatu cha Ebony, tuzo ya mchezaji bora mwenye asili ya Afrika katika ligi ya nchi hiyo. Suala la uraia lilimzungusha miaka mingi. Alipoivaa jezi ya Burundi, ubora wake ulikuwa umeshapita.

Njia ya Dar es Salaam

Amani iliporudi polepole baada ya Makubaliano ya Arusha ya mwaka 2000, timu nayo ikaanza kusimama. Mwaka 2004 ilifika fainali ya Kombe la Chalenji la CECAFA na kufungwa 3–0 na Ethiopia. Mwaka huo huo Lydia Nsekera akawa rais wa shirikisho; baadaye alikuwa mwanamke wa kwanza kuingia kamati kuu ya FIFA. Mwaka 2014, nchini Afrika Kusini, Burundi ikacheza kwa mara ya kwanza CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani.

Lakini ligi ya nyumbani haikuwa na fedha za kuwashika wachezaji, na mlango wa karibu zaidi ulikuwa Tanzania. Mrundi anayezungumza Kiswahili hahitaji mkalimani Kariakoo. Anafika Jumatatu, na Ijumaa tayari anataniana na mashabiki. Simba na Yanga zikawa zinapita Bujumbura kila dirisha la usajili. Didier Kavumbagu alitoka Atlético Olympic kwenda Yanga mwaka 2012. Laudit Mavugo alitoka Vital'O kwenda Simba mwaka 2016. Kwa timu ya taifa hilo lilikuwa na faida: mchezaji aliyeko Dar es Salaam anaitwa leo na kesho yuko kambini, tena ametoka katika ligi inayotazamwa na watu wengi kuliko ya nyumbani.

Watano bora

Kipimo tulichotumia ni kimoja: mchezaji aliifanyia nini Burundi, au soka la Burundi, alipokuwa na jezi yake. Kwa kipimo hicho Nonda haingii, ingawa kwa kipaji hakuna mzaliwa wa Bujumbura aliyemfikia. Tchité naye anabaki mlangoni.

*5. Amissi Tambwe.* Mwaka 2013 Kombe la Kagame, la klabu za Afrika Mashariki na Kati, lilichezwa Sudan, Darfur na Kordofan Kusini, na klabu za Tanzania, pamoja na Yanga iliyokuwa inalitetea, hazikwenda kwa sababu za usalama. Vital'O ilikwenda. Iliifunga APR ya Rwanda 2–0 katika fainali, na Tambwe akawa mfungaji bora wa mashindano. Simba ikamsajili, na msimu wake wa kwanza akamaliza kinara wa mabao wa Ligi Kuu Tanzania Bara akiwa na 19. Alipohamia Yanga alirudia, safari hii kwa mabao 21, msimu wa 2015–16. Hakuwa na mbio za kutisha; alijua beki ataangalia wapi, naye akasimama upande wa pili. Anashika nafasi ya tano kwa sababu mabao yake makubwa ni ya klabu kuliko ya taifa.

*4. Saido Berahino.* Alizaliwa Bujumbura mwaka 1993, vita vikamchukua baba yake, na akiwa mtoto akafika Uingereza kumfuata mama. Akiwa West Bromwich Albion aliifunga Manchester United Old Trafford mwaka 2013, na msimu wa 2014–15 alipachika mabao 14 katika Ligi Kuu ya Uingereza. Kocha wa Uingereza alimwita Novemba 2014, lakini hakumchezesha. Mwaka 2018 akachagua kuichezea Burundi, na katika mechi yake ya kwanza, dhidi ya Gabon mjini Libreville, akafunga bao la sare ya 1–1. Ukihesabu pointi za kundi lile, bao hilo ni nusu ya tiketi ya Misri, ambako alivaa kitambaa cha unahodha. Angekuja miaka minne mapema, angekuwa juu zaidi katika orodha hii.

*3. Saidi Ntibazonkiza.* Huyu ni winga halisi, mguu wa kupiga faulo na jicho la pasi ya mwisho. Alikulia Vital'O, akaenda NEC ya Uholanzi akiwa kijana, kisha Cracovia ya Poland, Uturuki, na Caen ya Ufaransa. Kwa miaka mingi alikuwa ndiye jina ambalo mpinzani wa Burundi analiandika kwanza ubaoni. Wengine humalizia soka lao kimya. Yeye alikuja Tanzania akiwa ameshapita miaka 30, akachezea Yanga, Geita Gold na Simba, na msimu wa 2022–23 akafunga mabao 17, akigawana uongozi wa wafungaji na Fiston Mayele wa Yanga. Hakuna mwingine katika orodha hii aliyedumu kwa kiwango kwa muda mrefu namna hiyo.

*2. Cédric Amissi.* Bao la Machi 23, 2019, peke yake lingetosha kumweka hapa. Lakini kando yake kuna safari: Rayon Sports ya Rwanda, aliyoipa ubingwa mwaka 2013, Chibuto ya Msumbiji, União da Madeira ya Ureno, kisha Al-Taawoun ya Saudi Arabia, aliyotwaa nayo Kombe la Mfalme mwaka 2019, wiki chache baada ya kuizima Gabon. Amissi hushuka kuchukua mpira, hugeuka, kisha hukimbilia nafasi ambayo mwenyewe ameifungua. Timu isiyomiliki sana mpira huhitaji mtu wa aina hiyo.

*1. Fiston Abdul Razak.* Alizaliwa Bujumbura mwaka 1991, akazunguka Afrika kuliko wachezaji wengi: Sundowns ya Afrika Kusini, Primeiro de Agosto ya Angola, JS Kabylie ya Algeria, ENPPI ya Misri, na mwaka 2021 akafika Yanga. Katika klabu nyingi hakukaa. Katika timu ya taifa hakuondoka. Katika safari ya kufuzu AFCON 2019 Burundi ilicheza mechi sita dhidi ya Mali, Gabon na Sudan Kusini bila kupoteza hata moja: ushindi mara mbili, sare nne, mabao 11. Sita kati ya hayo yalikuwa ya Fiston. Katika mchujo wote wa Afrika aliyemzidi ni Odion Ighalo wa Nigeria tu, mwenye saba. Amissi alifunga bao tunalolikumbuka. Fiston alifunga mabao yaliyofanya bao hilo liwe na maana.

Baada ya Misri

Olivier Niyungeko, kocha mzalendo, aliipeleka timu Alexandria Juni 2019. Ilifungwa 1–0 na Nigeria, kwa bao la Ighalo yuleyule, ikafungwa 1–0 na Madagascar, nayo mgeni wa mashindano, na kumaliza kwa 2–0 mbele ya Guinea. Haikupata bao. Septemba mwaka huo ilitoka sare ya 1–1 na Tanzania mjini Bujumbura na 1–1 tena Dar es Salaam katika kufuzu Kombe la Dunia, ikatolewa kwa penalti.

Mwaka huohuo uwanja wa Prince Louis Rwagasore ukaitwa Intwari. Kisha kukaja pigo ambalo halikutoka kwa mpinzani: uwanja haukukidhi viwango vya CAF, na Burundi ikawa inacheza mechi zake za nyumbani ugenini. Juni 2022 iliipokea Cameroon Dar es Salaam na kufungwa 1–0. Agosti 2024 Vital'O, bingwa mpya wa Burundi, ilikutana na Yanga katika Ligi ya Mabingwa, ikacheza mechi zote mbili Dar es Salaam na kufungwa jumla ya 10–0. Gabon ilizuiwa Bujumbura mbele ya watu wa Bujumbura, na faida hiyo ndiyo iliyopotea.

Wafungaji wanaendelea kuzaliwa. Bonfils-Caleb Bimenyimana alifika Kaizer Chiefs ya Afrika Kusini mwaka 2022, na Jean Claude Girumugisha ameonekana katika Ligi ya Mabingwa ya Afrika akiwa na Al Hilal ya Omdurman. Wote wana nafasi ya kuivuruga orodha hii. Atakayemwondoa Fiston atapaswa kuirudisha Burundi AFCON, kisha afunge bao ambalo hakuna Mrundi aliyewahi kulifunga: bao la kwanza la Intamba mu Rugamba katika fainali hizo.