Shule ndani ya mulika mwizi: Eneza, kutoka Muhuru Bay hadi KCPE ya mwisho

Kwa kawaida huwa naandika hapa juu ya kutengeneza programu, lakini leo tuweke kibodi kando tusome historia. Kila nikipita Homa Bay au Migori, vijana wanaojifunza kompyuta huniuliza swali lile lile: kwa nini miradi ya elimu ya kidijitali huja na ngoma na vigelegele, halafu baada ya miaka michache husikii tena habari zake? Sipendi kujibu maswali kama hayo kwa jumla jumla. Nimechagua mfano mmoja wenye mizizi huku kwetu ziwani: Eneza Education na masomo yake ya SMS.

Tuanze na mahali. Muhuru Bay iko pembeni kabisa mwa Kaunti ya Migori, pale ambapo Ziwa Victoria linakutana na mpaka wa Tanzania. Ukisimama ufukweni, simu yako huweza kudaka mtandao wa jirani na kukukaribisha nchi nyingine kabla hujahama hata hatua moja. Mwaka 2010 ilifunguliwa huko WISER, shule ya bweni ya wasichana iliyoanzishwa kwa ushirikiano wa watu wa pale na Sherryl Broverman, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani. Miongoni mwa waliofanya kazi ya elimu Muhuru alikuwa mwalimu Mmarekani, Toni Maraviglia. Tatizo aliloliona halikuhitaji miwani: watoto wengi, vitabu vichache, na mtihani mmoja mkubwa, KCPE, uliokuwa ukiamua nani ataendelea na shule gani.

Lakini kulikuwa na kitu kingine katika nyumba zile zile zisizo na vitabu. Simu. Si simu ya kupangusa kioo, bali mulika mwizi, ile ndogo ya batani yenye tochi. M-Pesa ilikuwa imeanza mwaka 2007, na hata mama anayeanika omena alikuwa na sababu ya kuwa na laini.

Mwaka 2011 Maraviglia na mwanaprogramu Mkenya Kago Kagichiri wakaanzisha MPrep. Baadaye jina likawa Eneza, na maana yake huhitaji kutafsiriwa. Mwanafunzi alipokea somo fupi kwa SMS, kisha maswali, akajibu, akapata alama na maelezo pale alipokosea. Kwa ushirikiano na Safaricom huduma ikaitwa Shupavu 291: ulipiga *291#, ukachagua darasa na somo, ukalipa shilingi 3 kwa siku kutoka kwenye salio lako. Uliweza pia kutuma swali likajibiwa na mwalimu, au kutafuta jambo ndani ya Wikipedia bila intaneti yoyote. Kampuni ikavuka mipaka ikafika Ghana na Côte d'Ivoire.

Sasa niruhusu nizungumze kama fundi, maana hapa ndipo utamu ulipo.

SMS moja ina baiti 140. Ukitumia herufi za biti 7, unapata nafasi 160, na hizo ndizo ukurasa wako wa kitabu. Pembetatu huchori. Ramani huonyeshi. Sehemu unaandika 3/4 na kuomba Mungu mtoto aelewe. Lakini tazama bahati iliyokuwepo: karatasi nyingi za KCPE zilikuwa za kuchagua A, B, C au D. Jibu zima la mwanafunzi ni herufi moja! Hakuna mtihani ulioiafiki SMS kuliko huo. Menyu ilipitia USSD, ile njia ya nyota na reli, ambayo ni ya haraka lakini haiachi alama. Somo likaja kwa SMS, ambayo hubaki kwenye simu hata mtandao ukipotea. Nimewahi kucheza na mifumo ya aina hii kwa kutumia Kannel, programu huria ya kupokea na kutuma SMS, na nakuambia kwamba kupanga vitu viwe vyepesi hivi si kazi nyepesi.

Linganisha na njia ya serikali. Mwaka 2013 iliahidiwa kompyuta ya mkononi kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Zabuni zikavutana, na vifaa, ambavyo sasa vilikuwa tabuleti, vikaanza kugawiwa mwaka 2016. Hivyo vilikuwa vifaa vya shule, vya kufungiwa kabatini. Eneza haikununua kifaa hata kimoja. Ilitumia kilichokuwa tayari mfukoni mwa mzazi.

Hapo hapo ndipo udhaifu ulipojificha. Simu ni ya mzazi, tena ni moja. Shule zetu haziruhusu wanafunzi kuja na simu, kwa hiyo masomo ni jioni, baba akiwa amerudi na betri ikiwa bado inapumua. Ukitengeneza mfumo unaomtambua mwanafunzi kwa namba ya simu, kumbuka kwamba nyuma ya namba hiyo kunaweza kuwa na Achieng wa darasa la 8, Ochieng wa darasa la 6 na binamu yao aliyekuja likizo. Nani amekosa swali la tano? Mashine haijui.

Udhaifu wa pili ni namba fupi. Namba kama 291 hutumika kwa idhini ya mtandao wa simu, na kwa kawaida mtandao huchukua sehemu ya kila shilingi. Hesabu mwenyewe: siku 90 kwa shilingi 3 ni shilingi 270 kwa mwanafunzi asiyekosa hata siku moja, kabla ya mgawo. Ili uishi unahitaji umati.

Umati ulikuja kwa njia ya kusikitisha. Machi 2020 shule zote zilifungwa kwa sababu ya korona. Shupavu 291 ikafunguliwa bila malipo kwa muda. Kwa mtoto wa Mfangano ambaye nyumbani kwao hakuna intaneti, maneno kama "masomo ya mtandaoni" yalikuwa hadithi ya Nairobi. SMS ilikuwa kweli. Lakini bure haina mshahara wa mhandisi, na shule zikafunguliwa tena, watahiniwa Oktoba 2020 na wengi wa waliobaki Januari 2021.

Kisha msingi wenyewe ukaondolewa. Mtaala wa umilisi, CBC, uliingia madarasani mwaka 2019. KPSEA ya gredi ya 6 ilianza mwaka 2022, na KCPE ikafanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. KPSEA nayo ina maswali ya kuchagua, lakini haimfukuzi mtoto wala kumpandisha; anaendelea gredi ya 7 vyovyote vile, na kazi za darasani na miradi zinahesabiwa. Ile hofu iliyomfanya mzazi atoe shilingi 3 imeondoka. Na darasa la 8 la mfumo wa 8-4-4, ambalo bidhaa ilijengwa juu yake, halipo tena.

Kwa hiyo vijana wangu, jibu langu ni hili. Masomo ya SMS hayakushuka kwa sababu msimbo ulikuwa mbaya. Yalisimama juu ya nguzo tatu za watu wengine: mtihani wa serikali, namba ya mtandao wa simu, na simu ya mzazi. Nguzo hizo ziliyapandisha haraka, na moja ilipoondolewa hakuna programu ambayo ingeishikilia nyumba.

Mkijenga, tenganisheni masomo na njia ya kuyafikisha. Andikeni maswali yenu katika mfumo unaoweza kuhamia popote: SMS leo, redio ya kijijini kesho, karatasi keshokutwa. Na msicheke simu ya batani. Bado kuna nyumba kati ya Mbita na Muhuru ambako kununua bando ni kuacha kununua sukari, na mtoto wa nyumba hiyo ana kazi ya shule usiku huu.